Mlango wa Mashariki

Ukitaka kujua jinsi watu wa kijiji cha Uingereza walivyojenga kanisa lao miaka mia saba iliyopita, usihangaike na nauli ya ndege. Njoo Tena Jumapili ya harambee. Utakuta mabati, utakuta nguzo nne za zege zimesimama peke yake tangu mwaka juzi, utakuta mama mmoja ameshika kitabu cha hesabu na mzee mwingine kwenye maiki akitangaza kwamba fulani ameahidi mifuko kumi ya simiti, jamani tumpigie makofi. Toa maiki, toa simiti, weka kondoo na mishumaa ya nta, na uko karne ya 14.

Mimi si msomi wa historia. Mimi huchora ramani za nyumba, hasa hizi ghorofa za kupangisha ambazo zinaota Eastlands kama uyoga. Kamati ya ujenzi ya kanisa letu, ambayo mama yangu ni mweka hazina wake, iliamua kwamba kwa kuwa kuna mtoto wa kanisa anayechora, hakuna haja ya kulipa mtu wa nje. Nikapewa kazi ya bure pamoja na picha moja ambayo mwenyekiti alitumiwa kwa WhatsApp na binamu yake anayeishi Uingereza. Kanisa la mawe ya kijivu, mnara wa mraba wenye meno juu kama ngome, madirisha yenye ncha, mawe ya makaburi yameinama kwenye nyasi.

“Tunataka kama hili,” mwenyekiti akasema. “Lakini liingie kwa ploti yetu.”

Ploti yetu ni futi 50 kwa 100. Mashariki kuna barabara, na barabarani kuna mama mboga, kinyozi na steji ya boda boda. Kaskazini na kusini ni ghorofa, zimetubana hadi mhubiri akinyamaza unasikia sufuria za wapangaji. Magharibi ni kichochoro na mtaro wa majitaka. Hapo ndipo Uingereza ilitakiwa kuingia.

Nikaanza kusoma kwa simu, usiku, stima ikikubali. Nilidhani nitakuta hadithi za wafalme. Nikakuta kamati.

Kanisa la parokia la enzi za kati lilikuwa na wenyewe wawili. Sehemu ya madhabahu, kule mwisho, ilikuwa mzigo wa mkuu wa parokia, aliyekula zaka. Ukumbi waliosimama watu wa kawaida ulikuwa mzigo wa watu wa kawaida. Paa likivuja juu ya padre, padre alipe. Likivuja juu yako, changa. Ndiyo maana hadi leo kuna makanisa kule yenye ukumbi wa fahari na madhabahu duni iliyopachikwa nyuma kama jikoni ya mabati. Wanakijiji walikuwa na pesa, padre alikuwa mkono wa birika.

Na nikisema walisimama, walisimama kweli. Kwa muda mrefu ukumbi haukuwa na viti. Makanisa mengine yalikuwa na benchi la mawe lililojengwa ukutani kwa ajili ya wazee na wagonjwa, na wengine wote mlijitegemea kwa miguu yenu.

Walichangishaje? Kwa pombe. Parokia ilikusanya nafaka, ikapika pombe, ikaiuza kwa kijiji kizima siku kama ya Pentekoste, faida ikaenda kwenye paa au kengele. Nilimsomea mama habari hiyo akiwa anachambua sukuma. Akavua miwani, akanitazama.

“Na walikuwa wanaokoka saa ngapi?”

Kwa sababu pesa ilikuja kwa matone, jengo nalo lilikua kwa matone. Kizazi kimoja kiliinua ukumbi. Kingine kikabomoa ukuta wa upande mmoja na kuongeza ubavu. Kingine kikaleta mnara. Tauni ya 1348 na 1349 iliua kati ya theluthi na nusu ya watu wa Uingereza, na kuna makanisa ambayo kazi ilisimama hapo hapo, fundi amekufa na mfadhili amekufa. Wajukuu walipoanza tena, mtindo wa madirisha ulikuwa umebadilika, kwa hivyo ukisimama ndani unaona kwenye jiwe lenyewe mahali kijiji kilipokatika pumzi. Sisi hatujapata tauni ya kiasi hicho, lakini nikitazama kanisa letu naona mstari wa 2020: tofali za chini ni za kabla ya Korona, za juu ni za baadaye, na rangi hazijawahi kukubaliana.

Halafu kulikuwa na matajiri. Huko Lavenham, Suffolk, mji uliotajirika kwa nguo za sufu, kuna mnara wa kanisa unaokaribia mita 43. Mfanyabiashara wa nguo, Thomas Spring, aliacha pesa za kuumaliza alipofariki 1523, na nembo ya familia yake imechongwa kule juu, tena na tena. Mnara ule unamsifu Mungu, na pia unakukumbusha nani alilipa.

Sisi tunaijua hiyo. Novemba 2024 Rais William Ruto alienda kanisa Katoliki la Soweto, hapa hapa Eastlands, akatoa shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadre na 600,000 za kwaya na watoto, akaahidi nyingine. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema zirudishwe. Kwenye kamati yetu ubishi wa jambo hilo ulichukua wiki mbili, maana na sisi tulikuwa na mheshimiwa wetu aliyeahidi mabati ya paa zima. Hakutaka kitu kikubwa, alitaka kibao tu karibu na mlango, chenye jina lake. Mama alikataa kuandika ahadi hiyo kitabuni. Alisema kitabu chake ni cha pesa, si cha kampeni. Baadhi ya wazee hawajamsamehe, na mimi, nikihesabu bei ya mabati leo, naelewa kwa nini.

Lakini kilichoninyima usingizi ni dira.

Makanisa yale karibu yote yanaelekea mashariki. Madhabahu iko mashariki, mnara mara nyingi magharibi, na mlango wa watu, jambo ambalo sikulitarajia, uko ubavuni. Mara nyingi ni ubavu wa kusini, na mbele yake kuna kibaraza chenye paa lake. Kibaraza hicho kilikuwa na shughuli kuliko ofisi ya chifu. Ndoa zilifungwa pale mlangoni, kisha ndio watu wakaingia ndani kwa misa. Madeni yalilipwa pale, mikataba ikakubaliwa pale, kwa sababu watu waliamini ni vigumu kudanganya ukiwa umesimama kwenye kizingiti cha Mungu.

Kusini ndiko kulikokuwa na jua. Uingereza iko mbali sana kaskazini mwa ikweta, jua la adhuhuri haliwahi kwenda upande wa kaskazini hata siku moja, kwa hivyo ukuta wa kaskazini hukaa kivulini. Watu wakaupa jina baya. Wakasema ni upande wa shetani, na wengi hawakutaka kuzikwa huko.

Nikachukua kalamu nihesabu ya kwetu. Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini mwetu. Miezi iliyobaki liko kusini. Kila ukuta unapata zamu. Nilikaa na hesabu hiyo kuliko kazi ilivyohitaji. Unaweza kubeba kanisa la Kiingereza jiwe kwa jiwe hadi Tena, lakini upande wa shetani hauwezi kusafiri. Ukifika hapa hauna kivuli cha kujificha.

Sasa rudi kwa ploti yetu. Nikiweka madhabahu mashariki kama mwenyekiti anavyotaka, barabara itatazama ukuta mtupu. Ubavuni hakuna nafasi ya kibaraza. Mlango unabaki magharibi, na watu waingie kwa kichochoro, wakiruka mtaro na viatu vya Jumapili. Nilipomwonyesha nilidhani atakasirika. Alifurahi.

“Hiyo ndiyo nzuri. Ukuta mbele, geti ndogo nyuma, waya wa stima juu. Tumalize hii stori ya Juni.”

Stori ya Juni ni ya 2024, wiki ya maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha. Jioni moja vijana walifukuzwa kutoka Outering hadi ndani ya mtaa, moshi wa machozi ukiwafuata kwenye ngazi za ghorofa. Soja wetu, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye mshahara wake ni wa kuaibisha, alifungua geti. Hakupigia kamati simu. Wakaingia kama thelathini, akafunga, akazima taa. Mama alipata habari saa mbili usiku, akaniambia nibebe jeri ya maji, yeye akabeba maziwa, tukapita nyuma.

Walikuwa wamelala chini kati ya viti vya plastiki. Hakuna aliyeongea. Mwangaza ulikuwa wa simu tu, kila mmoja ameficha yake chini ya shati akimwandikia mtu wa nyumbani. Kulikuwa na msichana wa kama miaka kumi na tisa ambaye macho yake hayakuwa yanafunguka. Mama alimwosha kwa maziwa akimwita “mwanangu,” na kila mara geti lilipopigwa teke, mkono wa mama ulisimama, halafu ukaendelea. Geti lilipigwa mateke kwa muda. Bawaba moja ilivunjika. Halikufunguka. Asubuhi waliondoka wawili wawili, na chini ya meza ya kwaya kukabaki kiatu kimoja cha mguu wa kushoto.

Kamati iligawanyika tangu siku hiyo. Wapo waliotaka soja afutwe kazi. Je, geti lingefunguka? Je, spika za laki tatu? Je, akina mama wa ushirika wangekuwa ndani? Ni rahisi kumcheka mwenyekiti, na sitamcheka. Duka lake la vipuri lilivunjwa wiki ile ile na watu ambao pia walijiita waandamanaji. Yeye haogopi vitu vya kufikirika. Amehesabu hasara yake kwa shilingi.

Kabla sijachora chochote nilitaka kuona mtindo ule kwa macho, si kwa simu. Nikapanda matatu, tukafuata Jogoo Road hadi mjini, nikatembea Kenyatta Avenue yote hadi ng'ambo ya Uhuru Highway, kwenye All Saints. Ni kanisa kuu la askofu, si la kijiji, lakini aliyelichora, Temple Moore, Mwingereza, alitumia lugha ile ile ya enzi za kati: mawe, minara ya mraba, matao yenye ncha. Jiwe la msingi liliwekwa 1917, vita vya kwanza vikiendelea, na kazi ikaenda kwa awamu hadi 1952, mwaka ambao Hali ya Hatari ilitangazwa. Ndani ni baridi na giza kidogo, na sauti ya magari inakatika ghafla ukivuka mlango, kana kwamba mtu amefunga friji. Nilivyoona mimi, lilijengwa ili Mwingereza aliye mbali na kwao akae pale asahau kwamba yuko mbali. Ni jengo zuri. Yote mawili ni kweli.

Nikiwa nimekaa pale nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisoma na kulipita haraka, kwa sababu halikuhusu ramani. Enzi za kati, mtu aliyetuhumiwa kwa kosa kubwa Uingereza akikimbilia kanisa lolote la parokia, hakuna aliyeruhusiwa kumtoa kwa nguvu. Alikuwa na siku 40. Ndani ya siku hizo ajitoe kwa sheria, au akiri mbele ya afisa wa mfalme na kuapa kuondoka nchini, atembee hadi bandarini bila kuacha njia kuu. Wanakijiji walilazimika kumlinda na kumlisha, na akitoroka walitozwa faini. Hawakuipenda sheria hiyo, na waliolindwa hawakuwa malaika. Wengi walikuwa wezi na wauaji. Bunge liliifuta miaka ya 1620.

Mstari mmoja kwenye historia ya watu wengine. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya mahali ambapo mstari huo ulirudi.

Mwisho wa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee kutoka mashambani, walianza kugoma kula kwenye kona ya Uhuru Park, hatua chache kutoka hapo. Wangari Maathai alikuwa nao, na Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na marungu na gesi. Wangari alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama walivua nguo zao, na anayejua maana ya mama kumvulia kijana nguo anajua kwamba hapo hakuna tena cha kusema. Kisha wakaingia All Saints. Walipewa chumba cha chini ya kanisa, na watu walidhani ni cha siku chache. Walikaa karibu mwaka mzima, askari wakizingira nje, hadi mapema 1993 wana wao karibu wote walipoachiliwa.

Siku 40 za Mwingereza, na hawa karibu mwaka. Na hawakuwa na sheria yoyote nyuma yao, ilikuwa imefutwa karne tatu na nusu kabla. Walikuwa na mlango, na watu waliokubali kuufungua.

Mlango huo pia uliwahi kuvunjwa. Tarehe 7 Julai 1997, Saba Saba, watu wa mageuzi walikuwa wamejikusanya ndani ya kanisa hilo hilo, na polisi wakaingia hadi ndani, wakarusha gesi na kupiga watu kati ya viti. Kasisi Timothy Njoya alikuwa miongoni mwa waliopigwa. Kwa hivyo simwambii mtu kwamba mawe yanazuia rungu. Mwenyekiti angenijibu na 1997 kabla sijamaliza sentensi, na angekuwa na haki.

Nilirudi Tena nikachora ramani mbili. Ya kwanza ilikuwa alivyotaka: madhabahu mashariki, mgongo barabarani, geti kichochoroni. Ya pili niliigeuza. Madhabahu magharibi, na mlango mkubwa mashariki, unatazama barabara, na mbele yake kibaraza cha futi nane chenye benchi la zege ukutani kila upande. Yote ndani ya mpaka wetu, kanjo wasipate sababu.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, chai na mandazi. Mzee mmoja akauliza kama Mungu anakubali madhabahu ya magharibi. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema Kanisa la Mtakatifu Petro lile la Roma lina milango mashariki na madhabahu magharibi. “Basi Wakatoliki wameruhusiwa,” mtu akasema, watu wakacheka, na hoja yangu ya wiki tatu ikafa hapo.

Mama ndiye aliyeisogeza, na hakutaja Roma wala Uhuru Park. Alifungua kitabu cha hesabu akaanza kusoma michango ya mwaka, jina na kiasi, bila kupandisha sauti. Kinyozi, mia tano, mara nne. Mama mboga wa kona, elfu mbili. Steji ya boda, elfu kumi na moja, kwa vipande vya hamsini hamsini. Muuza maji. Fundi viatu. Wengine hawajawahi kukanyaga ndani. Mmoja ni Mwislamu, alichanga kwa sababu tulimzikia jirani yake. Alipomaliza ukurasa akauliza, “Hawa ndio tunataka kuwapa mgongo?”

Mwenyekiti akasema hakuna anayempa mtu mgongo, ni usalama tu. Mama akasema usalama ameuona, aliuosha kwa maziwa. Kukawa kimya kibaya kidogo. Halafu mtu akaomba chai iongezwe.

Kura zilikuwa nane kwa tano. Mimi sina kura. Mlango umeenda mashariki. Mwenyekiti alipata waya wake wa stima juu ya ukuta wa kichochoroni, na geti la barabarani ni la chuma kizito, la kusukuma, lenye komeo ya ndani. Soja alibaki, na mshahara uliongezwa elfu mbili. Swali la afungulie nani, na kwa ruhusa ya nani, halikuandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Niliangalia. Katibu aliacha mistari mitatu mitupu.

Pesa zimefika hadi slabu ya kibaraza. Bado hakijapigwa plasta, lakini watu wa boda wameshahamia kwenye benchi, kwa sababu kuanzia saa saba jua likipita upande wa nyuma kuna kivuli kizuri. Mnara haujengwi mwaka huu wala ujao. Kwenye kona ambako utasimama siku moja tumeacha vyuma vimetokeza juu ya nguzo, kama ghorofa zote za mtaa huu, na mama ameviziba na chupa za plastiki ili mvua isiviozeshe. Mwenyekiti hupita kila jioni kuvihesabu, kwa maana chuma kilichoachwa wazi Tena hakimalizi wiki. Jana vilikuwa kumi na sita, vyote.